Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Juu ya Mtunzi Anayeajiriwa Kuifinyanga Upya Kazi Asiyoipenda

Katika makala haya tunakusudia kupinga rai mbili zinazokinzana, na hasa ile ya pili, ambayo imeota mizizi miongoni mwetu sisi tunaofundisha fasihi katika vyuo vikuu. Jambo lenyewe, kwa mtazamo wa haraka, ni la wenye mali wa Hollywood wala si la wahakiki wa Kiswahili. Kampuni inamiliki ulimwengu mzima wa kubuni: wahusika wake, majina yao, miji yao na vita vyao. Ulimwengu huo umezaa filamu, riwaya na michezo ya televisheni kwa miaka mingi, na sasa umechakaa au umeanza kuingiza hasara. Badala ya kumwita mtu aliyekua akiupenda, kampuni humwita mtunzi asiyeujali, pengine anayeudharau waziwazi, na kumtaka aufinyange upya. Kazi za namna hii tutaziita silsila, kwa kuwa hufuatana kama watu wa ukoo mmoja na hurithishana jina. Je, afaaye kuihuisha silsila ni yule asiyeipenda?

Rai ya kwanza ni ya mashabiki. Kwao mwacha asili ni mtumwa, na asiyeipenda asili hastahili hata kuigusa. Mwaka 2022 rai hii ilipata nguvu mpya. Mtu mmoja aliyewahi kuwa miongoni mwa waandishi wa The Witcher, mfululizo wa Netflix uliotokana na hadithi za Andrzej Sapkowski wa Poland, alidai hadharani kwamba baadhi ya wenzake katika kazi hiyo hawakuzipenda hadithi hizo na hata walizikejeli. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Henry Cavill, mwigizaji mkuu ambaye mapenzi yake kwa hadithi hizo yalijulikana na kila mtu, angeondoka. Dai la mtu mmoja halitoshi kuamulia kesi, nasi hatutaiamua. Linalotushughulisha ni hitimisho ambalo umma ulilifikia kwa pupa, kwamba mapenzi ni sharti la utunzi. Kama mapenzi yangekuwa sharti, sehemu kubwa ya fasihi tunayoiheshimu isingaliandikwa.

Rai ya pili ni yetu. Tumewafundisha wanafunzi kwamba ugeuzaji unaoisaliti matini asilia ni bora kuliko ule unaoitii. Kwamba utiifu ni utumwa na ukaidi ni uhakiki. Tulikuwa na sababu nzuri. Waliotutangulia waliipima filamu kwa kuhesabu sura za riwaya zilizoachwa nje, kama karani anayehesabu magunia. Lakini dawa imegeuka maradhi. Siku hizi mwelekezi akitamka tu kwamba hakuipenda kazi aliyokabidhiwa, tunamwandalia sifa kabla hatujaiona filamu yake. Dharau tumeipandisha cheo ikawa nadharia.

Ninayasema haya nikiwa mmoja wa wakosaji. Kwa miaka kadhaa niliitumia filamu ya Starship Troopers, ambayo Paul Verhoeven aliielekeza mwaka 1997, kuwafundishia wanafunzi wa uzamili dhana ya tashtiti. Filamu hiyo inafaa sana kwa kazi hiyo. Vijana wenye sura nzuri kupita kiasi, katika dola ambamo haki ya kupiga kura hupatikana kwa kuitumikia serikali, wanapelekwa kwenye sayari za mbali kuuana na wadudu wakubwa. Kila baada ya muda hadithi hukatizwa na taarifa za habari zinazowashangilia. Baadhi ya picha zimeundwa kwa mfano wa Triumph des Willens, filamu ya Leni Riefenstahl ya mwaka 1935 iliyowatukuza Wanazi. Verhoeven alizaliwa Amsterdam mwaka 1938 na akaishi utoto wake chini ya uvamizi wa Wajerumani. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuzicheka sare za kijeshi.

Filamu imetokana na riwaya ya Mmarekani Robert Heinlein iliyotoka mwaka 1959 na kupewa Tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Verhoeven amesimulia katika mahojiano kwamba alianza kuisoma, ikamchosha, akaiacha baada ya sura mbili, kisha akamwomba mwandishi wa mswada wa filamu, Edward Neumeier, amweleze yaliyobaki. Kisa hiki nilikuwa nikikitoa darasani kama kichekesho. Wanafunzi walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Riwaya yenyewe nilikuwa nimeisoma kwa kuruka kurasa, na mengi niliyosema juu yake niliyatoa katika maandishi ya wahakiki wengine.

Mwaka mmoja mwanafunzi asiye msemaji sana aliniuliza kwa nini Rico wa filamu si Mfilipino. Swali hilo sikulielewa. Nilijibu maneno fulani kuhusu uhuru wa mwelekezi, kipindi kikaisha, na nikaondoka nikiwa najua kwamba mtu mmoja katika chumba kile alikuwa ameisoma riwaya na mtu huyo si mimi.

Riwaya ya Heinlein inasimuliwa katika nafsi ya kwanza na askari aitwaye Juan Rico. Karibu kitabu kizima hatuambiwi asili yake. Ni kuelekea mwisho, katika mazungumzo ya kupita juu ya majina ya mashujaa wanaostahili kupewa merikebu za vita, ndipo anapomtaja Ramón Magsaysay, rais wa Ufilipino aliyefariki mwaka 1957, na ndipo tunapojua kwamba lugha ya nyumbani kwao Rico ni Kitagalogi. Msomaji wa Marekani wa mwaka 1959, ambaye kwa mamia ya kurasa amemwona akilini kijana mweupe, analazimika kurudi nyuma na kumwona upya. Mbinu hii haiwezekani ila katika maandishi, kwa sababu msimulizi wa nafsi ya kwanza haoni haja ya kujieleza uso wake. Filamu, kwa kuwa lazima imwonyeshe mhusika tangu mwanzo, ina tatizo halisi la kisanaa hapa, na ingependeza kuona mwelekezi hodari akipambana nalo. Verhoeven hakupambana nalo. Rico wake anatoka Buenos Aires na anaigizwa na Casper Van Dien, Mmarekani mweupe. Katika riwaya, Buenos Aires ni mji alikofia mama yake Rico akiwa safarini.

Tutajibiwa kwamba sura hizo nyeupe zilichaguliwa makusudi, ili zifanane na zile za Riefenstahl na kuisuta picha ya ubora wa kizungu. Tunakubali, na uchaguzi huo una mantiki yake. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kukiacha kitu na kutojua kwamba kipo cha kuachwa. Hasara iliyopatikana, kwa maoni yetu, si ya mhusika mmoja tu. Uhatari wa riwaya ya Heinlein umo katika jambo hilohilo. Dola yake ya kijeshi imekwisha kuufuta ubaguzi wa rangi, na jeshi linamkaribisha kila mtu, ilmuradi awe tayari kutii na kufa. Ufashisti wa nywele za dhahabu ni rahisi kuukataa. Uliokwisha kukataliwa tangu mwaka 1945. Ukatili unaomwambia Mfilipino, Mwarabu na Mwafrika kwamba nao wana nafasi katika safu si rahisi kuukataa hata kidogo. Sisi tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi. Wapo wazee wetu waliokwenda Burma na King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia, wakarudi, na wakangoja hadi mwaka 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipopiga kura kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, tena kwa kura iliyofungwa kwa masharti. Ahadi kwamba utumishi wa bunduki huzaa uraia si njozi ya sayari za mbali kwa msomaji wa hapa. Hoja hiyo ndiyo filamu iliyoikosa, kwa kuwa mwelekezi aliishia sura ya pili. Mimi niliyeifundisha miaka yote hiyo katika darasa la Waafrika niliikosa pia, na sina udhuru hata ule wa kuchoshwa.

Verhoeven ameunda filamu nzuri. Lakini adui anayepigana naye amemtoa katika kumbukumbu zake mwenyewe, na adui halisi, mwenye hoja nzito zaidi, amebaki kitabuni bila kuguswa. Mlinganishe na Joe Haldeman, aliyejeruhiwa Vietnam na baadaye akaandika The Forever War, riwaya iliyotoka kama kitabu mwaka 1974 na ambayo wahakiki wengi huisoma kama jibu kwa Heinlein. Haldeman anaichukua vita ya angani na kuonyesha jinsi askari anavyorudi kila mara katika dunia iliyomzidi umri na isiyomtambua. Hakuhitaji jina la Heinlein jaladani. Aliandika kwa jina lake, akahukumiwa kwa jina lake.

Mashabiki wasishangilie mapema. Mwaka 1979 Paramount ilitoa filamu ya kwanza ya Star Trek, iliyotokana na mfululizo wa televisheni wa mwaka 1966 hadi 1969. Iligharimu zaidi ya dola milioni 40 na iliwachosha wengi, ingawa mwasisi wa silsila, Gene Roddenberry, ndiye aliyekuwa mtayarishaji wake, na hakuna aliyeipenda silsila kuliko yeye. Kwa filamu ya pili kampuni ilimsogeza Roddenberry pembeni na kumleta Harve Bennett, mtu wa televisheni aliyekuwa amewaambia wakubwa wake wazi kwamba filamu ile ilimchosha. Mwelekezi akawa Nicholas Meyer, ambaye hakuwa mtazamaji wa Star Trek kabisa. Kwa kipimo cha mashabiki huu ulikuwa msiba. Filamu ilitoka mwaka 1982 kwa takriban dola milioni 12, na mashabiki haohao wengi wao huiita bora kuliko zote.

Kwa nini? Bennett aliketi akavitazama vipindi vyote 79 vya mfululizo wa awali. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 akamkuta Khan, adui aliyeachwa uhamishoni kwenye sayari ya mbali na ambaye hakuna aliyekumbuka kuuliza yaliyompata. Filamu yote imeota kutokana na mbegu hiyo, ambayo wenye mapenzi waliipita kwa miaka 15. Meyer naye, alipoonyeshwa vipindi, aliona kitu alichokijua tangu utotoni: riwaya za C. S. Forester kuhusu Hornblower, nahodha wa manowari za Uingereza wakati wa vita vya Napoleon. Hakujua wakati huo kwamba Roddenberry mwenyewe alikuwa amemfinyanga Kapteni Kirk akimfikiria Hornblower. Mgeni aliufikia mzizi wa mti kwa sababu alikuwa msomaji wa vitabu vingine. Kisha akaikusanya miswada iliyokataliwa, akaketi na wenzake wakaorodhesha kilichofaa katika kila mmoja, akaandika mswada mpya kwa siku 12. Roddenberry hakuifurahia sura ya kijeshi ambayo kazi yake ilipewa, na malalamiko yake yalikuwa na msingi. Lakini hata ugomvi huo ulikuwa ugomvi wa watu wanaozungumza juu ya kitu kimoja. Mgeni wa aina hii ndiye aliyekusudiwa katika methali yetu. Yule wa sura mbili, mwenyeji hatapona kwa mkono wake.

Kielelezo kikubwa zaidi kina zaidi ya miaka 400. Cervantes alitangaza kwamba nia ya Don Quijote, iliyotoka mwaka 1605, ilikuwa kuziangusha riwaya za mashujaa wapanda farasi zilizoipumbaza Hispania. Hapa tuna mwenye chuki kwa kukiri kwake. Lakini hebu isomwe sura ya sita, ambamo kasisi na kinyozi wanaikagua maktaba ya Don Quijote ili wavichome vitabu vyake. Wanakwenda kitabu kwa kitabu. Amadís de Gaula kinaokolewa kwa kuwa ndicho bora cha aina yake. Tirant lo Blanc kinasifiwa. Vingine vinatupwa uani, kila kimoja kwa kosa lake. Hakuna awezaye kuandika sura hiyo ila mtu aliyezisoma riwaya hizo moja baada ya nyingine, pengine usiku kucha, pengine kwa raha asiyotaka kuikiri. Na mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda alipochapisha mwendelezo wa kubandika wa Don Quijote, huku akimtukana Cervantes kwa uzee wake na mkono wake uliolemaa vitani, Cervantes alimjibu katika sehemu ya pili ya mwaka 1615 kwa namna ambayo sisi wenye dharau hatuna subira nayo. Don Quijote anasikia kitabu cha uongo kikizungumzwa katika nyumba ya wageni na kuamua kutokwenda Zaragoza, kwa kuwa Don Quijote wa bandia alikwenda huko. Baadaye anakutana na mhusika wa Avellaneda mwenyewe, na kumfanya atoe ushahidi kwamba yule aliyemjua hakuwa Don Quijote wa kweli. Hata tusi alilisoma hadi mwisho kabla ya kulijibu.

Lipo pia suala la mtunzi anayeichukia silsila aliyoizaa mwenyewe. Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes mwaka 1893 kwa kuwa alimchosha na kumzuia kuandika alivyoviona vya maana zaidi. Miaka kumi baadaye, kwa malipo mazuri, akamfufua. Huyu naye ni mwajiriwa asiyeipenda kazi, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haijui. (Inafaa tukumbuke kwamba silsila hiyo ilifika hata Zanzibar. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alimvisha mpelelezi wa Baker Street kanzu, akamwachia kiko chake na kumpa Najum awe mwandani wake. Lakini alimwita Bwana Msa, wala hakuuza kitabu chake kwa jina la Holmes.)

Jina ndilo kiini cha hoja yetu. Katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970, wanamapokeo waliwashutumu vijana kwamba wanavunja vina na mizani kwa kuwa hawaviwezi. Kezilahabi alikuwa ametoa Kichomi mwaka 1974. Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara mwaka 1976. Shutuma ya kutojua haikusimama, kwani Mulokozi na Kahigi haohao ndio waliotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakizieleza kanuni ambazo walidaiwa kuzikimbia. Lakini hata kama wasingezijua, wasingekuwa wamemdanganya mtu. Hakuna kampuni iliyowaajiri waandike diwani mpya ya Muyaka. Aliyekinunua Kichomi alijua kwamba ananunua Kezilahabi, na asiyependa alikirudisha rafuni.

Mtunzi wa silsila hana uhuru huo, kwa kuwa mlango anaouingilia una jina la mwingine juu yake, na watu waliokusanyika ndani walivutwa na jina hilo. Hapa lawama kubwa ni ya mwenye kampuni, ambaye wahakiki wetu humsahau wakimshambulia au kumtukuza mwajiriwa. Yeye anataka mambo mawili kwa pesa moja: uaminifu wa mashabiki wa zamani, ambao ni mtaji wake, na sifa ya ujasiri miongoni mwa wasomi, ambao hufurahi kuona mashabiki wakiudhiwa. Anamnunua mtunzi mwenye dharau kama vile mtu anavyonunua marashi. Tony Gilroy alisema wazi kwamba hakuwa na unyenyekevu wowote kwa Star Wars, nao waliomwajiri walijua hivyo. Andor yake, vipindi 24 vilivyoonyeshwa mwaka 2022 na 2025, ni miongoni mwa kazi bora kabisa zilizotokea katika silsila hiyo, na sababu si utovu wa unyenyekevu. Gilroy alikwenda kusoma historia za mapinduzi, akaliuliza neno "uasi", ambalo silsila ile ilikuwa ikilitamka tangu mwaka 1977, lina maana gani kwa mfungwa, kwa karani, kwa mtoa fedha. Alilichukulia neno lile kwa uzito kuliko waliolipenda.

Kwa hiyo tunapinga kiapo cha mapenzi, na tunapinga pia cheti cha dharau tunachowapa wanafunzi wetu. Mapendekezo ya tasnifu yanayoletwa mbele ya kamati zetu yamejaa maneno ya upinduzi, ukaidi na ubomozi, na mara nyingi mwenye pendekezo hana habari ya kitu kinachobomolewa. Anaisifu filamu kwa kuisaliti riwaya ambayo ameijua kupitia filamu hiyohiyo. Kamati hupitisha, kwa kuwa nasi, wanakamati, tumeisoma kwa njia ileile. Kamati isipitishe pendekezo lolote la ugeuzaji kabla mtahiniwa hajahojiwa juu ya matini asilia pekee, bila filamu kutajwa.

Riwaya ya Heinlein nimeimaliza. Siipendi, kurasa zinazotetea kuchapa watu viboko hadharani zilinichukiza kuliko nilivyotarajia, na ile ya Magsaysay ilinitia hofu kwa jinsi ilivyonivutia. Mhadhara wangu juu ya filamu ya Verhoeven sasa huchukua wiki tatu badala ya moja, na katika wiki mbili za kwanza filamu hatuitazami.